Waya Badala ya Kufuli

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama yake Kijiti alimwaga vifaa vyake vya kazi mezani na kuvihesabu. Glavu nene za mpira, bisibisi tatu, koleo, testa ya kupimia umeme, kibao cha "USIWASHE", na mwisho kabisa kufuli jekundu lililobandikwa picha yake. Alivigusa kimoja kimoja huku midomo ikimcheza, kisha akavirudisha mkobani kwa mpangilio uleule. Binti yake, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu myembamba iliyompatia jina la Kijiti, alikuwa amezoea kumtania.

"Mama, vifaa havina miguu. Vingeenda wapi usiku?"

"Siku kimoja kikiota miguu, mwanangu, nataka nijue nikiwa hapa nyumbani, siyo nikiwa ndani ya mashine."

Mama alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sabuni. Kiwandani hapo palikuwa na mashine kubwa ya kukorogea, pipa la chuma lenye kimo cha nyumba, na wafanyakazi waliiita Mkoromaji kwa sababu ilikoroma kutwa kucha. Sauti yake ilivuka ukuta, ikavuka barabara, ikaingia mpaka darasani kwa Kijiti. Watoto walisoma nayo, wakacheza nayo, wakafika mahali hawaisikii tena. Lakini umeme uliomwendesha Mkoromaji haukuwa huu wa kuwashia taa. Ulizidi volti mia nne, umeme usiompa mtu nafasi hata ya kupiga kelele.

Swichi kuu ya Mkoromaji ilikuwa kwenye chumba cha peke yake, nyuma ya ukuta mnene. Aliyesimama pale swichini hakuweza kumwona aliyekuwa kwenye mashine, wala kumsikia. Kwa hiyo kiwandani kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mzaha. Yeyote anayetaka kutia mikono ndani ya mashine alishusha kwanza mkono wa swichi, akapitisha kufuli lake kwenye tundu la mkono huo, akalibana, na ufunguo akautundika shingoni. Kufuli moja, ufunguo mmoja, mwenyewe mmoja. Hata mkurugenzi akija na suti yake alipaswa kusubiri mpaka mwenye kufuli atoke mzima, alifungue kwa mkono wake.

Jumanne hiyo, mama alihesabu vifaa mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili, kisha akainua uso.

"Kijiti, umeliona kufuli langu?"

Kijiti alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliendelea kuzifunga, ingawa zilikuwa zimekwisha kufungwa.

"Hapana, mama."

"Hukulichezea jana?"

"Sijaliona, mama."

Mama alichungulia chini ya meza, akapekua kapu la nguo, akapapasa nyuma ya kabati. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake ukigongagonga kifungo cha shati. Kengele ya kiwanda ilipolia kuita zamu ya asubuhi, alijipiga kofi la paja kwa hasira, akabeba mkoba na kutoka. Kijiti alibaki ameitazama chai yake mpaka ikapoa. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama. Hakuwa na mtu mwingine.

Ukweli ni kwamba alijua fika kufuli lilipo. Lilikuwa shuleni, kwenye dawati lake.

Mambo yalianza na Redio, mvulana aliyeketi mbele yake, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na swichi ya kumzimia. Redio alikuwa na tabia ya kufunua dawati la Kijiti na kujiazima rula, penseli, hata mkate. Basi Jumatatu, siku ambayo mama alikuwa mapumzikoni, Kijiti alilichukua lile kufuli jekundu mkobani kimyakimya. Alikusudia kulitundika tu kwenye pete za kufungia dawati, wenzake waone kwamba mtoto wa fundi si wa kuchezewa, kisha jioni alirudishe. Lakini Redio alisogeza mkono kuligusa, na Kijiti kwa maringo akalibana. Lililia *ta!* Darasa zima likashangilia. Shangwe zilipokwisha ndipo alipokumbuka kwamba ufunguo uko shingoni kwa mama, na kwamba hauna pacha.

Usiku mzima aliiahidi nafsi yake kusema asubuhi. Asubuhi ilipofika, ulimi ukawa mzito.

Darasani siku hiyo hakuna kilichokwenda sawa. Mwalimu wa hesabu, mzee mrefu mwenye goti bovu, alitaka madaftari.

"Lako liko wapi?"

"Nimelisahau nyumbani, Mwalimu."

Daftari lilikuwa ndani ya dawati, chini ya viwiko vyake, limefungwa kwa kufuli la mama. Redio aligeuka akamtazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kusema neno. Kijiti aliweka mkoba wake juu ya kufuli ili mwalimu asilione. Huo ulikuwa uongo wa pili, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Saa tano na nusu, Mkoromaji alinyamaza.

Ile sauti iliyokuwapo siku zote ilikatika ghafla, na kila mtu akainua kichwa. Chaki ya mwalimu ilisikika ikikwaruza ubao. Mbwa alibweka mbali, na barabarani mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Amefariki!" akasema Redio, na watoto wakaangua kicheko.

Kijiti hakucheka. Alijua maana ya kimya kile: mama alikuwa ameshusha swichi, na sasa hivi alikuwa amelala chali chini ya lile pipa, mikono yake ndani ya mota. Amefunga swichi kwa kitu gani? Kufuli si hili hapa, chini ya mkoba?

Akamkumbuka bawabu wa kiwanda. Mkono wa kushoto wa bawabu uliishia kwenye kiwiko. Zamani alikuwa fundi kama mama, enzi ambazo hakukuwa na makufuli, na mafundi walifunga swichi kwa kamba na kuamini kwamba yatosha. Siku moja mtu aliikuta kamba, akadhani ni takataka, akaifungua na kuwasha. Mama alimsimulia Kijiti kisa hicho mara moja tu, na hakutaka kuulizwa tena.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na tano. Saa sita zamu ilibadilika. Msimamizi wa zamu ya mchana aliitwa Bwana Dakika, kwa sababu kwake kila jambo lilipimwa kwa dakika: dakika za chai, dakika za kupiga soga, dakika za mashine kusimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na angeingia kazini akute Mkoromaji kimya.

Kijiti alinyosha kidole. "Mwalimu, naomba ruhusa. Tumbo linaniuma."

"Vumilia. Kipindi kinakwisha saa sita."

Alikaa. Alitazama mshale wa saa ukisogea. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, na kila dakika aliogopa kusikia ule mkoromo ukianza upya. Maisha yake yote hakuwahi kuiogopa sauti ile, na sasa alitamani isirudi. Akasimama. Alijikaza kisabuni.

"Mwalimu, tumbo haliniumi. Nimesema uongo. Na daftari halipo nyumbani, limo humu." Aliusogeza mkoba, na kufuli likaonekana. "Hili ni kufuli la mama la kufungia umeme. Nililichukua bila kumwambia. Asubuhi ameniuliza, nikasema sijaliona. Na sasa yuko ndani ya mashine na hana kufuli, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliliangalia kufuli, akaiangalia ile picha ya mama iliyobandikwa juu yake, kisha akatoa simu mfukoni.

"Namba yake."

Kijiti akaitaja. Simu iliita, ikaita, ikaita mpaka ikakatika. Mafundi waliacha simu zao kabatini kabla ya kushika kazi.

"Naipiga tena huku natembea," alisema Mwalimu. "Mimi na goti hili sitafika. Wewe una miguu. Kimbia!"

Kijiti alitoka mbio. Hakuwa na kufuli la kupeleka, wala ufunguo, alikuwa na maneno tu. Alikata uwanja, akapita katikati ya watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanaruka kamba, akafika barabarani. Lori lililojaa magunia lilimpigia honi, akasubiri lipite huku akiruka ruka kwa kukosa subira. Lori lilikuwa bado halijamaliza kupita, kengele ya kiwanda ikalia. Saa sita.

Getini wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wanatoka kwa makundi, wakicheka, na wa zamu ya mchana walikuwa wanaingia. Bawabu alimzuia kwa mkono wake mmoja.

"We binti! Wageni hawaingii bila kuandikwa."

"Mzee, mama yuko ndani ya Mkoromaji na swichi haina kufuli!"

Mtu mwingine angeuliza kulikoni. Bawabu hakuuliza. Uso wake ulibadilika, akaliacha geti wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe kazi hiyo, akamshika Kijiti bega na kumsukuma mbele yake. "Mlango wa kijivu, mkono wa kulia! Kimbia, nakuja nyuma yako!"

Mlango wa kijivu ulikuwa umefunguliwa nusu. Ndani, masanduku ya umeme yalipangwa ukutani, na chumba kizima kilivuma kwa sauti ya chini iliyosisimua meno. Bwana Dakika alikuwa amempa mgongo. Sakafuni, karibu na kiatu chake, kulikuwa na kile kibao cha "USIWASHE". Mkono wake wa kushoto ulishika kipande cha waya alichokuwa amemaliza kukizongoa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa swichi.

"Usiwashe!" Kijiti alipiga ukelele mpaka sauti ikakwama. "Mama yuko ndani!"

Bwana Dakika aligeuza kichwa. Mkono wake haukutoka swichini.

"Wewe mtoto umeingiaje humu? Ndani ya nini?"

"Ndani ya Mkoromaji!"

"Hakuna mtu. Fundi akiwa kazini huacha kufuli hapa, namjua vizuri, hana mchezo. Kufuli liko wapi? Vibao vinasahauliwa hapa kila wiki." Akatupa jicho kwenye saa yake. "Nimepoteza dakika tatu tayari."

Kijiti alielewa kitu kilichomtia baridi mwili mzima. Kwa Bwana Dakika, tundu tupu la kufuli lilikuwa ndiyo ushahidi kwamba mama hayupo. Na aliyeliacha tupu alikuwa yeye.

"Kufuli nililichukua mimi!" alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Niliiba mimi, baba, liko shuleni. Nilimdanganya. Nakuomba, utoe mkono!"

Bwana Dakika aliachia mkono wa swichi kama aliyeshika kaa la moto. Aliutazama waya kiganjani mwake, kisha akakitazama kibao sakafuni. Wakati huo bawabu alikuwa amefika, anahema, akasimama mbele ya swichi na kuiziba kwa mgongo wake.

"Nenda kamtazame," bawabu alimwambia. "Hapa hagusi mtu."

Bwana Dakika alizunguka ukuta mbio. Kijiti alimfuata mpaka kwenye mashine. Chini ya pipa, miguu miwili yenye buti ilikuwa imejitokeza, mmoja umekunjwa, na mtu asiyeonekana alikuwa anaimba taratibu wimbo wa kubembelezea watoto. Hapo kando ya buti, glavu za mpira zilikuwa zimewekwa moja juu ya nyingine.

"Fundi," aliita Bwana Dakika kwa sauti ndogo. "Fundi, hebu toka."

Mama alijivuta akatoka, bisibisi mkononi, uso umepakaa grisi. Akamwona Kijiti. Akauona waya mkononi kwa Bwana Dakika. Hakuna aliyemweleza jambo, maana hakukuwa na haja. Aliketi palepale chini, akaegemea chuma, akavitazama viganja vyake visivyo na glavu.

"Nilikuwa nimepima," alisema. "Nikakuta nyaya zimekufa, hazina umeme. Nikavua glavu ili niweze kushika skrubu ndogo."

Bwana Dakika alivua kofia. "Nilikuwa nawasha, Fundi. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Sikuuliza mtu. Niliona waya, nikasema ni uchafu wa jana."

"Ndiyo," alisema mama. "Waya hauna mwenyewe."

Kazi ilisimamishwa. Bwana Dakika mwenyewe aliagiza hivyo, na safari hiyo hakutazama saa. Bawabu hakubanduka swichini. Mwalimu aliwakuta Kijiti na mama yake njiani, akawatazama wote wawili kama anayewahesabu, akashusha pumzi na kugeuka nao akichechemea. Waliingia darasani. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Mama aliinama juu ya dawati, akavua kamba shingoni, akatia ufunguo, na kufuli likafunguka. Kisha akajibana kwenye kiti cha Redio, magoti yakimgusa kidevu.

Kijiti alisimama mbele yake. "Mama, nipige tu."

"Nikikupiga utafikiri tumemalizana." Mama alilishika kufuli mkononi. "Sikiliza. Kuchukua kitu changu bila kuniuliza ni kosa, na adhabu yake utaipata. Lakini leo hilo siyo lililotaka kuniua. Na mimi nimekosa. Asubuhi nilipofika kazini ilinipasa niseme, nimepoteza kufuli, leo siingii kwenye mashine mpaka nipewe jingine. Niliona haya. Fundi mzima, kufuli limempotea! Nikatafuta waya, nikafunga, nikajiambia ni kazi ya nusu saa tu. Umeona? Wewe umenificha, na mimi nikawaficha wenzangu. Bwana Dakika naye hakuuliza. Tulikuwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa na neno moja la kusema, akalimeza."

Kijiti aliinamisha kichwa.

"Kesho nitasimama mbele ya mafundi wote niwaeleze nilivyofanya, na wewe utakuwapo usikie. Hakuna atakayefunga swichi kwa waya tena pale, mimi nikiwa wa kwanza. Umeme haujui kwamba ulikuwa na haraka. Haujui kwamba uliona aibu. Ukikosea, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka, maana kosa lililosemwa mapema mtu anaweza kulikarabati."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ulisema mbele ya darasa zima, ukasema mbele ya msimamizi, na ulichelewa, lakini ulisema. Ndiyo maana nimekaa hapa." Mama alimvuta karibu, akamshika uso kwa viganja vyake vyenye grisi. "Lakini nataka ukumbuke jambo moja. Asubuhi nilikuuliza swali. Jibu lake lilikuwa maneno matatu: 'Liko shuleni, mama.' Ungeyasema, ningekukasirikia mpaka jioni. Usingeyasema hata saa sita, jioni hii usingekuwa na mtu wa kukukasirikia."

Kijiti alilia kwa kwikwi, na mama hakumwambia anyamaze.